Mlalamikaji Aliyenishinda Kazi

Mmeniomba, wanangu, nikuandikieni mawili matatu juu ya kazi ya kuripoti habari za sanaa, ili mjifunze. Nimecheka peke yangu. Nyinyi mnaokwenda kwenye onyesho la taarabu, mkaligeuzia jukwaa mgongo, mkajipiga video ya sekunde ishirini mkipiga kelele "Huku ni moto, jamani, moto!", kisha mkaondoka kabla wimbo wa pili haujaanza, mfunzwe nini zaidi? Mshafika. Mimi ilinichukua miaka mingi kuufikia uvivu wa kiwango hicho, na sikuwa na simu ya kunisaidia.

Kwa wasionijua, jina langu Khelef, mstaafu wa redio, nakaa Michenzani ghorofa ya nne, na magoti yangu yanakusalimuni. Kazi yangu, tangu ujana mpaka siku niliyopewa ua la plastiki na hotuba ya kuagwa, ilikuwa kuwaambia watu wa Unguja nani anapiga wapi, nani kachora nini, na kikundi kipi cha maigizo kimegawanyika wiki hii. Hilo la mwisho halikukosa habari hata siku moja. Nimewahi kuripoti kikundi cha watu wanne wa Mpendae kilichogawanyika kikawa vikundi vitatu, na kila kimoja kina mwenyekiti.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa Bi Zamzam, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyenitesa. Nilipomletea ripoti yangu ya kwanza, ya ngoma niliyokwenda kuiona Makunduchi, aliisoma yote, kisha akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Kipi kilikwenda kombo?" akaniuliza.

"Hakuna, Bi. Kila kitu kilikwenda vizuri."

"Basi hukwenda."

"Nilikwenda, Bi! Wallahi nilikwenda!"

"Ulikwenda kula. Rudi ukawaulize."

Na kweli nilikuwa nimekaa jirani na sufuria ya pilau. Siku ya pili nilirudi Makunduchi kwa nauli yangu, nikaambiwa kuwa mvua ya rasharasha ililegeza ngozi ya ngoma kubwa, ikabidi waipashe kwenye moto wa makuti huku wachezaji wamesimama wanasubiri. Bibi mmoja, kuona watu wanaanza kuondoka, akasimama katikati ya uwanja akaimba peke yake, bila ngoma, mpaka ngozi ilipokaza. Kijiji kizima kilikuwa hakizungumzi jingine ila yule bibi. Mimi niliandika "ngoma ilifana sana". Tangu siku hiyo kila ripoti niliyompelekea Bi Zamzam ilipokewa kwa swali lilelile. Mtu aliyekuwapo alikuwa na la kumjibu, na asiyekuwapo alianza kukuna kichwa.

Alinifunza na mengine, nakupeni bure. Nendeni kwenye mazoezi kabla ya onyesho, maana siku ya onyesho watu wamevaa vizuri na wanaficha. Msimuulize mwenyekiti wa kikundi jambo lolote. Muulizeni anayepanga viti, huyo ndiye anayejua waliokuja ni wangapi. Msikae karibu na mgeni rasmi, hamtasikia ila wasaidizi wake wakipokea simu. Na betri, wanangu, angalieni betri. Niliwahi kurekodi kidumbaki, ile taarabu ndogo ya mitaani, kwenye harusi moja Amani, na mashine yangu ya kaseti betri zake zilikuwa zinakata roho. Wakati wa kurekodi mkanda ulijikokota. Tulipoupiga studio kwa umeme ukatoka mbio. Mwimbaji mwenyewe, jitu la miraba minne lenye sauti nzito, alisikika hewani kama mtoto wa chekechea anayefukuzwa na mbwa. Asubuhi alikuja kituoni. Alisimama tu mlangoni amekunja mikono. Bi Zamzam akaniamrisha nimpe chai, nikampa chai, akainywa huku ananitazama mimi mpaka ikaisha.

Kisha Bi Zamzam akastaafu. Kiti chake kilirithiwa na bwana mmoja aliyekuwa na swali moja tu: "Dakika mbili zinafika?" Zikifika, yeye karidhika. Hapo ndipo nilipogundua siri ambayo nyinyi mnadhani mmeigundua jana: habari za sanaa zinaweza kuandikwa bila ya sanaa yenyewe. Nilikuwa na karatasi yangu maalumu. "Ukumbi ulifurika." "Mgeni rasmi aliwaasa vijana kudumisha utamaduni wao." "Fulani alikonga nyoyo za wapenzi wa" halafu nafasi, ujaze mwenyewe: wa taarabu, wa uchoraji, wa maigizo. Jumatatu naandika yatakayotokea Jumatano, Jumatano yanasomwa hewani. Nilikuwa mbele ya matukio kwa siku mbili nzima, jambo ambalo nyinyi na intaneti yenu hamjaliweza bado.

Waliokuwa wepesi kuliko wote kuwaripoti namna hii ni watu wa Klabu ya Marashi, wapiga taarabu. Klabu yao ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani katika jumba kongwe, Mji Mkongwe huko ndani, ambako uchochoro ni mwembamba hata mkikutana wawili mmoja lazima apewe njia. Walipiga kila Jumatano baada ya alasiri, madirisha wazi, na mlango wazi kwa mtu yeyote. Katibu wao na mwimbaji wao alikuwa Bi Rukia. Mpiga kanuni wao alikuwa Maalim Shaame, mzee mtaratibu mno. Kanuni ni lile sanduku la nyuzi nyingi linalolazwa magotini, mtu akavaa pete za vidoleni akazidonoa nyuzi. Nyuzi hizo hulegea kwa joto na kwa unyevu, na Unguja tuna vyote viwili, kwa hiyo Maalim Shaame alikuwa anachukua nusu saa kuzikaza kabla hajapiga kitu.

Na mimi, mwandishi mkubwa wa habari za sanaa, nikae nusu saa nzima namtazama mtu anakaza nyuzi? Nilikuwa nakwenda barazani kunywa kahawa.

Mwaka wangu wa pili wa kustaafu, Bi Rukia alipanda ngazi zangu zote. Niliisikia pumzi yake kabla sijasikia hodi.

"Khelef, wanataka kututoa."

"Nani?"

"Wenye jumba. Wanasema klabu ishakufa, hapana anayepiga. Wanakitaka chumba wafungue duka."

"Duka la nini?"

"La kuwauzia watalii picha za wapiga taarabu."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa hatanii.

Akanieleza jambo nililokuwa silijui, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Chumba kile walipewa zamani na ofisi inayomiliki jumba kwa sharti moja la maandishi: humo upigwe muziki kila wiki, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na wakati wa msiba. Kikinyamaza, kinarudi kwa wenyewe. Sasa ofisi inataka ushahidi wa maandishi kwamba hakijanyamaza. Daftari la mahudhurio la klabu lilikuwa kwenye kabati, na kabati lilikuwa limeliwa na mchwa, wakaanza na daftari.

"Video je?" nikauliza. "Vijana si wanakuja kurekodi?"

"Wametuletea arubaini na mbili. Zote sura zao."

Basi hapo nyinyi mlisaidia sana, ahsanteni.

"Ripoti zako unazo?" akaniuliza Bi Rukia.

"Ninazo, sanduku zima. Kila nilichosoma hewani nimekiweka."

Alishusha pumzi, akakubali chai ambayo alikuwa ameikataa mwanzo. "Basi tumepona," alisema. Na mimi, msinicheke, nilijiona mtu wa maana. Nilizipanga karatasi zangu kwa tarehe, nikazifunga na uzi mwekundu, nikapiga pasi kanzu yangu mwenyewe.

Kikao kilikuwa ofisini kwao, asubuhi. Tulikuwa Bi Rukia, mimi, sheha wa mtaa aliyeitwa awe shahidi, na afisa mmoja mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, ambaye nitamwita Bi Afisa. Alifungua uzi wangu mwekundu bila ya kuusifu.

"'Ukumbi ulifurika,'" alisoma. Akafunua nyingine. "'Ukumbi ulifurika.'" Akafunua ya tatu. "Bi Rukia, chumba chenu kinaingia watu wangapi?"

"Ishirini. Tukibanana."

"Na hapa mgeni rasmi kawaasa vijana. Kwani mazoezi yana mgeni rasmi?"

Bi Rukia akanigeukia.

"Labda alikuwa anapita," nikasema.

Bi Afisa aliendelea kufunua. Ukutani feni ilikuwa inalia, nikaanza kuichukia. Akafikia karatasi moja akasoma kwa sauti: "'Leo alasiri mkongwe Maalim Shaame alikonga tena nyoyo za wapenzi wa kanuni.'" Akataja na tarehe.

Bi Rukia alinyoosha mkono akaiomba ile karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Jumatano hii," alisema polepole, "sote tulikuwa Mwanakwerekwe. Tulikuwa tunamzika."

Ilikuwa hivi. Ripoti niliiandika Jumatatu, kama kawaida yangu. Maalim Shaame alifariki Jumanne, baada ya isha. Jumatano ripoti ilisomwa, na watu wake wote walikuwa msibani, redio zimezimwa, ndiyo maana hakuna aliyepiga simu. Mimi habari ya kifo niliipata barazani siku ya pili. Ningeweza kurudi hewani nikasema, nimekosea, nisameheni. Nilinyamaza. Karatasi nikaitia sandukuni pamoja na nyingine, na kwa miaka mitatu nikafanikiwa kuisahau.

"Ofisi hii," alisema Bi Afisa, akizirudisha karatasi zangu, "haiwezi kupokea ushahidi wa mtu anayewasikia marehemu wakipiga kanuni. Nakupeni mpaka Jumatatu. Leteni kitu kingine, au leteni ufunguo."

Tulitoka. Nilitaka Bi Rukia anitukane, ingenipunguzia. Hakunitukana.

"Khelef," alisema, "miaka yote hii ulikuja mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na ya nne ulifuata mwavuli wako."

"Ndiyo."

"Maalim alikuwa akikuwekea kiti. Kando ya dirisha. Kila Jumatano anakiweka mwenyewe, haachi mtu akikalie. Anasema, leo huenda yule bwana wa redio akaja."

Nakwambieni ukweli, nililia pale pale barabarani, mtu mzima na kanzu yangu ya pasi. Sikulia kwa ajili ya chumba. Nililia kwa ajili ya kile kiti.

Sheha alikuwa nyuma yetu muda wote, anajikohoza. Ni mtu asiyependa kuingilia, ila anapenda kusikia.

"Samahanini," alisema. "Mimi nnalo faili."

"Faili la nini?" Bi Rukia akamuuliza.

"La Bwana Thuwein."

Bi Rukia alishika kichwa. Bwana Thuwein alikuwa jirani wa klabu, dirisha lake linatazamana na la klabu, na katikati ni ule uchochoro mwembamba. Alikuwa karani wa bandari kabla ya kustaafu, mwenye kanzu iliyotiwa wanga na mwandiko wa kupendeza. Alasiri ndiyo saa yake ya kulala. Kila wiki, kwa miaka, alimwandikia sheha barua kuwashtaki watu wa Marashi kwa makelele. Hakuna aliyempa jibu. Sheha alikuwa anazitoboa, anazitia kwenye faili, anamwambia, "Tunalishughulikia, Bwana Thuwein."

"Kila wiki?" nikauliza.

"Kila wiki. Kwa tarehe. Na saa."

Tulikwenda kwake jioni ile ile, sheha mbele. Bwana Thuwein alitupokea kwa heshima zote, akatuletea halua, akatukalisha kwenye viti vilivyonyooka kama yeye mwenyewe.

"Malalamiko yako yanatakiwa yasomwe ofisini, mbele ya afisa," sheha alimwambia.

"Hatimaye!" alisema Bwana Thuwein.

Sheha hakumficha. "Ila nikwambie kweli, Bwana Thuwein. Yakisomwa, hawa watabaki. Yanathibitisha kuwa wanapiga."

Mzee akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Bi Rukia alikuwa amekaza macho kwenye sahani ya halua, hajagusa.

"Mimi niliandika kilichotokea," alisema mwisho. "Siwezi sasa kusema hakikutokea. Lakini nitayasoma mwenyewe. Mwandiko ni wangu."

Jumatatu alikuja na bakora yake na miwani mbili, ya kusomea na ya akiba. Akasimama, akaanza kusoma kwa hasira ile ile ya siku aliyoandika.

"'Jumatano. Wameanza saa kumi na dakika kumi. Fidla ya pili waya mmoja umelegea na hapana anayemwambia mwenyewe. Naomba hatua zichukuliwe.'"

"'Jumatano. Umeme umekatika. Nilidhani nitapumzika. Wamepiga gizani. Bi Rukia alisahau ubeti wa tatu akaurudia wa pili, wakajifanya hawakusikia. Mimi nimesikia.'"

"'Jumatano. Mvua. Wamekuja watatu tu, na hao watatu wakapiga kama wako thalathini.'"

"'Jumatano. Mzee wa kanuni amerudia kipande kimoja cha bashraf mara saba. Mara sita amekosea pale pale. Ya saba amekipata. Naomba hatua zichukuliwe.'"

Bashraf ni ule muziki wa kufungulia, usio na mwimbaji. Kile kipande kila mpiga kanuni anakiogopa. Mimi nilijua hivyo kwa kusoma. Bwana Thuwein alijua kwa kukoseshwa usingizi.

Nilikaa pale nikisikiliza, na katika kichwa changu nikamsikia Bi Zamzam, Mungu amrehemu. Kipi kilikwenda kombo? Yote yalikuwamo. Waya uliolegea, ubeti uliosahaulika, mvua, wale watatu. Wiki baada ya wiki, mtu aliyekuwa hataki kabisa kuwasikia aliwasikia kuliko mimi niliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Bi Afisa alikuwa ameacha kuandika, ameegemeza kidevu mkononi. Alipotokea mtu mlangoni na chai alimpungia mkono aondoke.

Bwana Thuwein akafikia barua moja, akasita. Akabadilisha miwani. Alipoanza tena alikuwa hana hasira.

"'Jumatano. Saa kumi imepita, hawajaanza. Saa kumi na nusu, kimya. Nimelala kitandani macho yako wazi. Nimeteremka kuuliza, nimeambiwa yule mzee wa kanuni wamekwenda kumzika. Sina lalamiko wiki hii.'"

Ilikuwa ni tarehe ile ile ya karatasi yangu.

Bi Rukia alijifunika uso kwa mtandio. Bi Afisa alivua miwani yake, akasema kuwa msiba umo kwenye sharti, kwa hiyo wiki hiyo haihesabiwi, na kwamba wiki nyingine zote ameziona. Chumba kibaki kwa watu wa Marashi. Duka la picha litafutiwe mahali pengine. Aliligonga lile faili mhuri kila mahali palipogongeka.

Ngazini Bi Rukia alimshika Bwana Thuwein mkono, akataka kumshukuru. Mzee aliutoa mkono wake kwa adabu.

"Fidla ya pili bado imelegea," alisema. "Mwambieni."

Basi, wanangu, hayo ndiyo mafunzo mliyoyaomba. Nyinyi mna simu zinazorekodi bila ya betri kukata roho, mna watu maelfu wanaokufuateni, na mna afya ya kupanda ngazi. Mmebakisha kitu kimoja tu, kwenda. Mkifika, igeuzieni simu upande wa pili. Kaeni mpaka nyuzi zikazwe. Na mkitoka mkiniambia kila kitu kilikuwa moto, nitakuulizeni lile swali, na sitakuwa mpole wa sauti.

Mimi sasa nakwenda kila Jumatano. Kanuni anaipiga mwanafunzi wa Maalim Shaame, Bi Saada, mwalimu wa skuli. Wiki iliyopita alikosea mara tano kwenye kipande kile kile, na kila akikosea tulisikia mtu anakohoa upande wa pili wa uchochoro. Ya sita akakipata. Hakuna aliyekohoa. Nimeandika hivyo hivyo, na saa nimeitia.

Nakaa kwenye kile kiti kando ya dirisha. Nilikikuta mahali pake. Ni cha mbao, mguu wake mmoja mfupi kidogo, kwa hiyo nilikaa kwa hadhari nikitegemea kitayumba. Hakikuyumba. Nilipoinama kutazama, niliona chini ya ule mguu kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, kimeshakuwa cheusi kwa miaka. Nilimuuliza Bi Rukia nani kakitia. Alikuwa anatengeneza kipaza sauti, hakugeuka.

"Maalim," alisema. "Alisema wewe huandika, mkono usije ukatikisika."